Hamed Aliyeitwa Tippu Tip

Jina la Tippu Tip linajulikana na kila mwanafunzi aliyesoma historia. Tukiuliza wazazi wake walimwitaje, wachache hujibu. Alizaliwa Unguja karibu na mwaka 1837, akaitwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi. Hamed, kama Ahmad na Muhammad, latokana na shina la Kiarabu lenye maana ya kusifu, lile lile lililomo katika Alhamdulillah.

Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa misafara, akikaa sana Tabora. Hamed alianza biashara ya sandarusi angali mtoto, na alipofika miaka 18 hivi akamfuata baba yake bara. Misafara ya Tabora ilipita Ugogo na Mgunda Mkali, pande za Manyoni, mkoani kwetu.

Lakabu ilienea baada ya mwaka 1867, alipompiga mtemi Nsama wa Itabwa, kusini-magharibi mwa Ziwa Tanganyika. Mwenyewe alieleza kuwa watu walisimulia mlio wa bunduki zake: tip, tip. Livingstone, aliyekutana naye mwaka huo huo, aliandika maana nyingine, mkusanya mali, kwa ajili ya ngawira za Nsama. Wazungu wengine wakasema ni kwa kuwa alikuwa akipepesa macho. (Hii ya macho ndiyo watoto huipenda.) Sisi twaelemea ya bunduki, maana aliyeisema ndiye mwenye jina.

Basi tusilitamke kama mchezo. Bunduki zile zilimpatia pembe za ndovu, na zilipatia mateka. Kwamba alikuwa Muislamu mwenzetu si sababu ya kulificha hilo mbele ya watoto wetu. Wengi katika mateka wa zama zile, walipofika pwani, walipewa majina mapya na waliowanunua, na yale waliyopewa na mama zao hayakuandikwa popote.

Suratul Hujurat yatukataza kuitana kwa lakabu mbaya. Hamed hakuiona yake kuwa mbaya, aliibeba mpaka uzeeni. Alifariki Unguja mwaka 1905, na nyumba yake ingalipo Mji Mkongwe. Miaka michache kabla ya kufa aliandika habari zake kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na kitabu hicho kilipochapwa kilibeba majina yote mawili: Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip.