Béhanzin

Béhanzin (alizaliwa mnamo 1845, alifariki Algeria, 10 Desemba 1906) alikuwa mfalme wa mwisho wa Dahomey huru, dola la Wafon katika nchi inayoitwa leo Benin. Dahomey isichanganywe na Ufalme wa Benin uliokuwepo katika Nigeria ya leo, ambao sanaa zake za shaba ziliporwa na Waingereza mwaka 1897.

Kabla ya kutawazwa aliitwa Kondo. Alimrithi baba yake Glele mwaka 1890, akachagua samaki papa awe alama yake: onyo kwa Wafaransa waliokuwa wakiingia kutoka baharini. Jeshi lake, pamoja na vikosi vyake mashuhuri vya wanawake, lilishindwa na silaha za Wafaransa. Jenerali Alfred Dodds aliingia mji mkuu Abomey tarehe 17 Novemba 1892 na kukuta majumba ya kifalme yakiwaka. Béhanzin mwenyewe alikuwa ameamuru yachomwe kabla ya kukimbilia kaskazini. Vitu vilivyonusurika moto vilichukuliwa kama ngawira, na Dodds akavikabidhi kwa makumbusho ya Trocadéro mjini Paris. Kimojawapo kilikuwa sanamu ya mbao ya Béhanzin, nusu mtu nusu papa.

Mfalme alijisalimisha Januari 1894 akapelekwa uhamishoni Martinique. Aliomba sana kurudi kwao, lakini mwaka 1906 alihamishiwa Algeria tu, akafariki huko mwaka uleule. Mabaki yake yalirudishwa Dahomey mwaka 1928. Sanamu yake ilibaki Paris kwa miaka 93 zaidi.

Benin ilipodai hazina hizo mwaka 2016, serikali ya Ufaransa ilikataa, kwa kuwa sheria yake wakati huo haikuruhusu mali ya makumbusho ya taifa kutolewa, hata kama ilipatikana vitani. Ilibidi bunge litunge sheria maalumu, Desemba 2020. Hatimaye vitu 26 vilifika Cotonou tarehe 10 Novemba 2021, vikiwemo viti vya enzi, milango ya jumba la Glele, na sanamu za wafalme watatu: Ghezo, Glele na Béhanzin. Mwaka uliofuata vilionyeshwa ikulu kwa wananchi.

Sanamu ya Gu, mungu wa chuma na vita, haikuwemo katika orodha hiyo. Bado iko Paris.