Mary Seacole na shukrani iliyochelewa

Kila tarehe 12 Mei dunia huadhimisha Siku ya Wauguzi, siku aliyozaliwa Florence Nightingale. Tarehe 14 Mei ndiyo aliyofariki muuguzi mwingine wa zama hizo hizo, ambaye wengi wetu hatumjui: Mary Seacole.

Alizaliwa Kingston, Jamaika, mwaka 1805. Babake alikuwa mwanajeshi kutoka Scotland. Mamake, mwenye asili ya Kiafrika, alikuwa mganga wa mitishamba aliyeendesha nyumba ya wageni na kuwauguza wanajeshi humo. Mary aliipokea kazi hiyo kwa mamake. Kipindupindu kilipozuka Panama mwaka 1851 alikuwa huko, akauguza watu. Homa ya manjano ilipoikumba Jamaika mwaka 1853, wakuu wa tiba jeshini ndio waliomwita awasaidie.

Mwaka 1854 Uingereza na washirika wake walikuwa wakipigana na Urusi huko Crimea. Mary alifunga safari hadi London kujitolea kama muuguzi. Alibisha hodi mlango mmoja baada ya mwingine, kote akakataliwa, na akashuku kuwa sababu ni rangi yake. Hata hivyo hakurudi nyuma. Alikwenda kwa gharama yake, na mwaka 1855 akafungua karibu na Balaclava nyumba aliyoiita British Hotel. Hapo aliuza vyakula na vifaa huku akitibu wagonjwa, na majeruhi aliwafuata hadi uwanja wa vita.

Vita vilipokwisha mwaka 1856 bidhaa zilimdodea, akarudi Uingereza amefilisika. Waliomkumbuka ni wanajeshi aliowauguza. Mwaka 1857 aliandaliwa London tamasha la siku nne la kumchangia, na wakajitokeza kwa maelfu. Alifariki mwaka 1881, na jina lake likasahaulika.

Wauguzi wenziwe ndio waliolifufua. Mwaka 1954 wauguzi wa Jamaika waliyapa makao makuu ya chama chao jina lake. Mwaka 1973 kaburi lake London likakarabatiwa. Mwaka 2016 sanamu yake ikasimamishwa nje ya hospitali ya St Thomas', hospitali ile ile ambayo Nightingale alianzishia chuo chake cha wauguzi mwaka 1860, ingawa wakati huo ilikuwa mahali pengine.

Hesabu mwenyewe, msomaji wangu. Wagonjwa walimshukuru angali hai. Chama cha wauguzi kilimpa heshima hiyo miaka 73 baada ya kuzikwa.

Na hapa kwetu je? Mgonjwa akipona huja na familia yake kushukuru, mara nyingine na kapu la maembe. Lakini nesi aliyekesha, akaacha wadi safi, dawa zimetolewa na faili zimeandikwa sawasawa, mwenzake wa zamu ya asubuhi humwambia nini? Mara nyingi huulizwa lile moja lililosalia. Wapo wakubwa wanaojikinga kwa methali ya mgema, kwamba akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini Mary alisifiwa na jeshi zima, wala haikusikika kwamba alilegea. Kinachomlegeza mtu ni kufanya kazi miaka nenda miaka rudi bila mwenzake kuiona.

Sanamu na majengo ni heshima nzuri, ila mwenye kuheshimiwa hayaoni. Neno asante hugharimu pumzi moja tu, na lifaalo zaidi ni lile linalosemwa zamu zikipokezana, kabla mwenzako hajavua sare akaenda zake.