Patrice Lumumba na Mshikamano Uliochelewa

Safari hii namleta kwenu mtu ambaye hakuwa Muislamu, lakini kisa chake kinatuhusu sisi tunaosoma hapa Juba.

Patrice Lumumba alizaliwa mwaka 1925 Onalua, Kasai, nchini Kongo. Alisoma shule za misheni, kisha akawa karani wa posta Stanleyville, mji unaoitwa leo Kisangani. Mwaka 1958 alishiriki kuunda chama cha MNC, na Desemba akaenda Accra kwenye mkutano wa watu wa Afrika, ulioongozwa na Tom Mboya wa Kenya. Mwaka uliofuata Wabelgiji walimtia ndani. Januari 1960 viongozi wa Kongo walipoitwa Brussels kujadili uhuru, walidai aachiwe, naye akatolewa jela na kupelekwa mkutanoni. Mshikamano ule ulifika kwa wakati.

Mei 1960 wananchi walipiga kura. MNC ya Lumumba ilipata viti 33 kati ya 137, vingi kuliko chama kingine chochote, na bunge likaidhinisha serikali yake. Septemba 5 Rais Kasavubu alitangaza kumfukuza. Bunge na Seneti vikakataa. Septemba 14 Kanali Mobutu, ambaye Lumumba mwenyewe alimpa cheo, akatwaa madaraka. Lumumba alizuiliwa nyumbani kwake, akatoroka kuelekea Stanleyville, akakamatwa njiani.

Mwanzoni mwa Januari 1961 Nasser, Nkrumah, Mfalme Mohammed V na wengine walikutana Casablanca kumtetea. Siku kumi baada ya mkutano kwisha, tarehe 17, aliuawa Katanga pamoja na Mpolo na Okito. Alikuwa na miaka 35. Habari ilipotangazwa Februari, dunia iliandamana. New York, Wamarekani weusi waliingia ukumbi wa Baraza la Usalama wamevaa vitambaa vya msiba, wakasimama kupinga. Lakini mtu alikwisha kufa.

Nimejifunza zaidi kutokana na misaada miwili. Wa kwanza: kabla hajauawa, watoto wake walitolewa Kongo kwa siri hadi Cairo, wakalelewa katika nyumba ya mwanadiplomasia wa Misri. Dini yao haikuwa kizuizi. Wa pili: mwaka 1964 wafuasi wake walishika silaha mashariki mwa Kongo, na bunduki kutoka Misri na Algeria zikapitia hapa hapa Juba. Nyingine ziliangukia mikononi mwa Anyanya, na vita vya kwetu vikazidi kuwaka. Wa kwanza uliokoa roho; wa pili uliwaliza hata wasiohusika.

Ndugu zangu, kura hulindwa mapema, kwa amani na mbele ya mashahidi. Januari 2011 wazee wetu walipanga foleni kupiga kura ya maoni, waangalizi wa nchi nyingi wakiwepo, na matokeo yakaheshimiwa. Basi wenzetu popote wanapoandamana kwa amani kutetea kura zao, tusingoje jeneza ndipo tuseme. Tuandike, tuwaombee, tumpokee anayekimbia. Allah ametuamrisha uadilifu, na aliyedhulumiwa ana haki juu yetu hata kama haswali nasi.

Allah atujaalie tuwe wenye kusimama na haki kabla haijachelewa. Amin.

Wabillahi tawfiq.