Quetelet: Mtaalamu wa nyota aliyetuachia kipimo cha unene

ULIMWENGUNI kote, anayetaka kujua iwapo mwili wake umebeba mafuta kupita kiasi hupimwa kimo na uzani, kisha hesabu fupi ikatoa jibu. Ni wachache wanaofahamu kwamba hesabu hiyo haikubuniwa na daktari. Aliyeiasisi ni Adolphe Quetelet, mwanahisabati na mtaalamu wa nyota kutoka Ubelgiji, ambaye wala hakuwa akitafuta kipimo cha unene.

Quetelet alizaliwa Februari 22, 1796 katika mji wa Ghent. Alifiwa na babake akiwa na umri wa miaka saba tu, na angali kijana alianza kufundisha hisabati ili kujikimu. Mnamo 1819 alitunukiwa shahada ya uzamifu na Chuo Kikuu cha Ghent, kilichokuwa kimefunguliwa miaka miwili awali. Mwaka huo huo alihamia Brussels kufundisha.

Huko aliwashawishi wakuu wa serikali wajenge kituo cha kuchunguzia nyota. Mwishoni mwa 1823 alitumwa Paris, Ufaransa, kujifunza jinsi vituo vya aina hiyo vinavyoendeshwa. Aliporejea alikuwa amejifunza pia nadharia ya uwezekano.

Wataalamu wa nyota walijua kwamba mtu akipima mahali pa nyota moja mara mia, vipimo havitalingana vyote. Hata hivyo, vingi hukusanyika karibu na wastani, na vichache hutawanyika kando. Quetelet alijiuliza iwapo kanuni hiyo ilimhusu pia binadamu.

Alianza kukusanya takwimu za vimo, uzani, vifo, ndoa na hata uhalifu. Katika kitabu chake cha 1846, alichambua vipimo vya vifua vya wanajeshi zaidi ya 5,000 wa Uskoti, na kuonyesha kwamba vilijipanga vivyo hivyo: wengi katikati, wachache pembeni.

Mapema zaidi, katika utafiti wa 1832, alikuwa amebaini jambo ambalo lingelidumisha jina lake. Miongoni mwa watu wazima, uzani hauongezeki sambamba na kimo, bali kwa kadiri ya kimo kilichozidishwa kwa chenyewe. Kwa hivyo, uzani wa mtu kwa kilo ukigawanywa kwa kimo chake cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe, watu warefu na wafupi huweza kulinganishwa. Mwenye kilo 64 na kimo cha mita 1.60, kwa mfano, hupata 25.

Mnamo 1835 alichapisha kitabu kilichomtambulisha kwa ulimwengu mtu wa wastani, yaani binadamu wa kufikirika aliyebeba wastani wa sifa za jamii nzima. Tatizo ni kwamba Quetelet aliufanya wastani huo kuwa ndio ukamilifu, na kumtazama aliyeuepuka kana kwamba ana kasoro. Isitoshe, vipimo vyake vilitoka kwa watu wa Ulaya.

Mnamo 1853 aliandaa jijini Brussels kongamano la kwanza la kimataifa la takwimu. Miaka miwili baadaye alipatwa na kiharusi kilichodhoofisha kumbukumbu yake, ila hakuacha kazi. Aliaga dunia Februari 17, 1874.

Karibu karne moja baadaye, mnamo 1972, mtafiti wa Marekani Ancel Keys na wenzake walichunguza wanaume zaidi ya 7,000 kutoka nchi tano. Walihitimisha kwamba, miongoni mwa hesabu za kimo na uzani, ile ya Quetelet ilifaa kukadiria unene wa makundi ya watu. Wao ndio walioipa jina linalojulikana leo kama BMI. Shirika la Afya Duniani huhesabu 25 kuwa mwanzo wa uzani uliozidi, na 30 kuwa mwanzo wa unene wa kupindukia.

Lakini mizani haitofautishi musuli na mafuta. Mnyanyuaji vyuma na mtu asiyefanya mazoezi waweza kupata 28 wote wawili, ilhali miili yao haifanani hata kidogo. Mwanamke huwa na mafuta mengi kuliko mwanamume mwenye nambari sawa na yake, na mafuta huelekea kuongezeka kadiri umri unavyosonga.

Ndiyo maana wataalamu huongeza vipimo vingine vyepesi: unene wa mkunjo wa ngozi, mzunguko wa shingo na, hasa, mzunguko wa kiuno. Kiuno kikizidi sentimita 102 kwa mwanamume au 88 kwa mwanamke, hatari ya maradhi kama kisukari na ya moyo hupanda sana.

Quetelet alihesabu umma, hakumhukumu mtu mmoja mmoja kwa nambari hiyo. Aliyepimwa leo akaambiwa amezidi ana haki ya kuomba utepe upitishwe kiunoni pia kabla ya kuliamini jibu la mizani.