Edward Saidi Tingatinga

Edward Saidi Tingatinga (1932 - 1972) alikuwa mchoraji wa Tanzania ambaye jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji. Alizaliwa eneo la Tunduru, kusini mwa nchi, katika familia ya wakulima. Hakusoma shule yoyote ya sanaa.

Akiwa kijana alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kisha akahamia Dar es Salaam, alikofanya kazi za nyumbani kwa Wazungu pamoja na vibarua vingine. Alianza kuchora mnamo mwaka 1968. Inasemekana aliwaona Wakongo wakiuza picha mitaani, akaona kwamba naye anaweza. Badala ya turubai alitumia vipande vya bodi za dari, na rangi zake zilikuwa zile za kung'aa zinazopakwa baiskeli. Alipenda kuchora wanyama na ndege, mara nyingi mnyama mmoja akijaza karibu ubao wote. Picha zake ziliuzwa Oysterbay, mtaa wenye wageni wengi.

Wanunuzi walipoongezeka, alichukua wasaidizi, wengi wao wakiwa ndugu zake: January Linda, Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah Mtalia, Kasper Henrik Tedo na Simon Mpata. Hapakuwa na daftari wala mtihani. Msaidizi alikaa karibu na Tingatinga, akatazama mkono wake unavyokwenda, akaiga, akakosea, akarudia, mpaka alipoweza kumaliza chui peke yake. Ndivyo mafundi wengi wa pwani wanavyojifunza kazi, wakiwemo waunda majahazi.

Mwaka 1972 Tingatinga aliuawa kwa risasi jijini Dar es Salaam, baada ya polisi kudhani kwamba gari alilokuwamo lilikuwa la wezi. Alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu. Mtindo ungeweza kufa naye, lakini wasaidizi wake walikuwa wameshaushika. Waliendelea kuchora na kufundisha wengine kwa njia ileile, na mwaka 1990 ulianzishwa ushirika wa wachoraji wa Tingatinga.

Kuiga huko kumeacha tatizo moja. Picha nyingi zimeuzwa zikiwa na saini yake ingawa hakuzichora yeye, na hata wajuzi hubishana kuhusu zipi ni zake.