Kasisi Apolo Kivebulaya, Mzee Aliyerudi Ugenini Kufa

Tunawaandikia hasa baba na mama zetu wazee ambao siku hizi hawawezi kufika ibadani kwa sababu ya miguu na macho. Gazeti hili msomewe na wajukuu wenu, maana safari hii tumeliandika kwa ajili yenu.

Tunapopita nyumba kwa nyumba kuwasalimu, tunakuta kwamba wazee wengi hawaogopi njaa wala maradhi kama wanavyoogopa saa ya kufa. Wanatuuliza kwa sauti ya chini, wakati watoto wametoka nje. Je, Mungu atanipokea, mimi niliyefanya haya na yale wakati wa vita? Je, nitakuwa wa nani nikizikwa hapa Bujumbura, mbali na makaburi ya baba zangu? Mbona ninasali na moyo bado unatetemeka? Haya si maswali ya watu wasioamini. Ni maswali ya watu waliobatizwa zamani, walioimba kwaya, waliolea wengine katika imani. Kwa hiyo tumeona vema kuwasimulia maisha ya mtumishi mmoja ambaye sisi tuliotoka Kongo tumesikia jina lake tangu utoto, Kasisi Apolo Kivebulaya wa Mboga.

Apolo alizaliwa Buganda karibu mwaka 1864. Alikuwa pacha, ndiyo maana wazazi walimwita Waswa, jina la pacha wa kwanza. Hakukulia kanisani. Alifundishwa kwanza dini ya Kiislamu, na vita vya dini vilipotokea Buganda kuanzia mwaka 1888 alikuwa miongoni mwa waliobeba silaha. Alijua vita ni nini, na alijua kukimbia ni nini. Baadaye neno la Injili lilimshika, akajifunza kusoma, akabatizwa mwezi wa Januari 1895 na kuchukua jina la Apolo. Lile jina lingine, Kivebulaya, maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya. Watu walimpa kwa sababu alipenda kuvaa koti la kizungu pamoja na kanzu yake.

Mwaka ule ule wa 1895 alitumwa Toro kuwa mwalimu wa Injili, na mwisho wa mwaka 1896 akavuka mto Semliki kwenda Mboga, ng'ambo ya milima ya Rwenzori. Walimu waliomtangulia walikuwa wameondoka kwa sababu wenyeji waliwanyima chakula. Mtawala wa Mboga, Tabaro, hakuipenda habari hii mpya iliyokemea ulevi na ndoa ya wake wengi. Apolo hakuwa na ndugu pale. Hakuwa na shamba la urithi. Alilima ili ale, akafundisha watu kusoma, akaanza kujenga.

Kisha likaja jaribu kubwa. Watu walikuwa wakibeba majani na matete ya ujenzi, na mkuki ulikuwa umefichika katika majani. Dada yake Tabaro akauangukia, akafa. Apolo akashitakiwa kwamba amemwua. Akafungwa kamba, akapelekwa hadi Toro, akatiwa kifungoni kwa watawala Waingereza. Hebu wazieni, ndugu zangu. Mtu aliyeacha kwao kwa ajili ya Kristo anaitwa mwuaji, naye hana shahidi. Wengi wetu tunajua jinsi inavyokuwa mgeni anaposhitakiwa mahali ambapo hana wa kumsemea. Kifungoni Apolo alikata tamaa. Na huko huko, usiku, alimwona Bwana Yesu aking'aa kama jua, akimtia moyo kwamba yupo pamoja naye. Jambo hilo alilisimulia mpaka uzee wake.

Alipofunguliwa hakukimbilia kwao. Mwaka 1899 alirudi Mboga, kwa watu wale wale. Aliteswa tena. Inasimuliwa kwamba alipigwa hadi akaachwa kama maiti, na mwanamke mmoja akamhifadhi na kumwuguza kwa siri. Mwishowe Tabaro mwenyewe akaamini, akabatizwa, akaitwa Paulo. Aliyekuwa adui akawa ndugu.

Kutoka hapo kazi iliendelea kwa miaka mingi. Desemba 1900 Askofu Tucker alimtia mikono kuwa shemasi, na mwaka 1903 akawa kasisi. Alitumika sana Toro, akizunguka kwa miguu na baadaye kwa baiskeli. Watawala wa Ulaya walipogawa mpaka upya, Mboga ikawa upande wa Kongo ya Wabelgiji, na kanisa lile dogo likabaki peke yake. Apolo hakusema kwamba mpaka umemzuia. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza alivuka kurudi kwa kundi lake, naye akiwa amepita miaka hamsini. Baadaye akaingia msituni kwa Wambuti, watu ambao wengi waliwadharau, akakaa nao chini, na Injili ya Marko ikatafsiriwa kwa lugha yao. Mwaka 1922 kanisa la Uganda lilimpa heshima ya kuwa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe. Angeweza kubaki Kampala na kutunzwa, lakini alirudi Mboga.

Hakuoa. Mchumba wake alikufa kabla ya ndoa, naye hakutafuta mwingine. Kwa desturi zetu, mtu asiye na mke wala mtoto anahurumiwa, kwa sababu tunauliza nani atamfunga macho na nani atalitaja jina lake. Lakini nyumba ya Apolo ilijaa vijana aliowalea, na alichokuwa nacho aligawa.

Mwaka 1933 nguvu zilimwishia. Alikuwa karibu na miaka 70. Madaktari Uganda walimwona kwamba moyo umechoka na kwamba hatapona. Marafiki walitaka abaki Buganda, nchi aliyozaliwa, auguzwe na kuzikwa kwao. Yeye aliomba apelekwe Mboga. Alifanya safari ile akiwa mgonjwa, akafika, akalala katikati ya watu wake, na tarehe 30 Mei 1933 akafariki. Aliacha agizo moja kuhusu kaburi. Desturi ingekiweka kichwa chake mashariki, upande wa kwao. Yeye alitaka kichwa kielekee magharibi, upande wa msitu wa Kongo, iwe ishara kwamba Injili bado inaendelea mbele.

Sasa, wazee wetu, maisha haya yanatuambia nini juu ya hofu yenu?

Kwanza, habari ya dhambi za zamani. Angalieni mwaka wa ubatizo wake, 1895. Wakati huo Apolo hakuwa ameanzisha kanisa hata moja. Hakuwa amefungwa kwa ajili ya Kristo wala kuingia msituni. Nyuma yake kulikuwa na vita tu. Mungu alimpokea kwanza, halafu akamtuma. Tukisema kwamba Apolo aliokoka kwa sababu alitembea sana kwa miguu, tutakuwa tumepindua mambo. Alitembea kwa sababu alikuwa amekwisha kupokelewa. Yule mnyang'anyi msalabani, katika Luka 23, hakupata hata siku moja ya kufanya kazi ya Mungu, na bado Bwana alimwahidi Paradiso siku ile ile. Kwa hiyo mzee anayekaa mkekani akihesabu mema yake na kuona hayatoshi, amehesabu vema, kwa maana hayatoshi kwa mtu yeyote. Lakini hicho sicho kipimo. Kinachotosha ni damu ya Kristo. Kama kuna dhambi inayokulemea, iungame kwa Mungu, na kama unataka mtu wa kusali nawe, mwite mchungaji. Ukishaiungama, usiichimbue tena kila usiku. 1 Yohana 1 inatuhakikishia kwamba Mungu ni mwaminifu kusamehe na kusafisha.

Pili, habari ya moyo unaotetemeka. Apolo alikata tamaa gerezani. Bwana hakumwambia kwanza aache kuogopa ndipo amtembelee. Alimtembelea akiwa katika hofu. Hofu si ushahidi kwamba imani imekufa. Mtoto anayevushwa mto mgongoni kwa mama yake anaweza kulia njia nzima, lakini anavuka, kwa kuwa mama ndiye anayeshika. Yohana 10 inafundisha kwamba hakuna awezaye kuwapokonya kondoo kutoka mkono wa Mchungaji. Mkono wako ukilegea kwa uzee, wake haulegei. Tunasema hivi pia kwa ajili ya wale ambao akili imeanza kusahau, wasioweza tena kumaliza sala waliyoijua tangu utoto. Wao wakisahau jina la Bwana, Bwana hajasahau lao.

Wengine watauliza, mbona sisi hatujaona mwanga kama Apolo? Wapendwa, hatukuahidiwa wote maono. Apolo mwenyewe alikuwa amebatizwa na kuamini kabla ya usiku ule wa kifungoni. Msingi wa wokovu wake ni ule ule mlio nao ninyi, Yesu aliyekufa na kufufuka. Usingoje ndoto ndipo upate amani.

Tatu, habari ya maradhi. Mtumishi huyu aliyeombea wengi alikufa kwa ugonjwa wa moyo. Hakupona. Siku hizi wapo wanaowaambia wazee wagonjwa kwamba wana dhambi iliyofichika, au kwamba watoe sadaka kubwa ili wapone. Msiwasikilize. Ugonjwa wa uzee si hati ya kukataliwa na Mungu. Hata kufa kwa shida, kwa kukosa pumzi au kwa maumivu, hakupunguzi chochote katika ahadi. Warumi 8 inataja mauti yenyewe katika orodha ya mambo yasiyoweza kututenga na upendo wa Mungu.

Nne, habari ya kaburi la ugenini. Hapa tunajua kidonda kilivyo kirefu. Wengine wetu tuliacha maiti bila kuzikwa. Jioni tukisimama pwani ya Tanganyika tunaona milima ya Uvira ng'ambo, karibu hivi, na hatuwezi kurudi. Hata Mboga yenyewe haikusalimika, kwani tarehe 31 Mei 2021, siku moja baada ya kumbukumbu ya Apolo, watu wengi waliuawa Boga na Tchabi, na wengine wakakimbia. Hatutawaambia kwamba kuzikwa mbali si kitu. Abrahamu alilia, tena alinunua kaburi la Sara katika nchi ambayo alikuwa mgeni, kama tusomavyo Mwanzo 23. Lakini ninyi hamkuchagua ugeni, na Apolo aliuchagua, naye Mungu ni mmoja kwa wote wawili. Apolo alikuwa na njia ya kurudi kwao akaiacha, kwa sababu alijua kwamba siku ya ufufuo Bwana hataanza kwa kuuliza mpaka wala kitambulisho. Atawaita walio wake, popote walipolazwa. Udongo wa Burundi ni wa Bwana kama udongo wa Fizi, wa Uvira na wa Bukavu.

Kwa familia tunaongeza neno. Mzee akisema anaogopa kufa, msimkemee kwamba amekosa imani, wala msikimbilie kumnyamazisha. Kaeni naye. Mwulizeni ni nini hasa kinachomwogopesha, maana kila mmoja ana lake. Someni naye kifungu kifupi kila jioni, imbeni wimbo anaoujua katika lugha yake. Mwulizeni angependa azikwe namna gani, na mahali pakipatikana mwambieni, atulie. Asiye na mtoto hapa ni wa kanisa lote. Apolo hakuzaa, lakini watu wa Mboga ndio waliomzika, na mpaka leo kanisa la Anglikana la Kongo linamhesabu kuwa baba yake. Atakayeshindwa kuja kwenye Meza ya Bwana, tupeni habari, nasi tutamletea nyumbani.

Tuombe. Bwana Yesu, wewe uliyekufa na sasa uko hai, uwashike wazee wetu usiku wanapokosa usingizi. Waondolee mzigo wa dhambi ambazo umekwisha kuzisamehe. Wasipoweza kukuita, wewe uwaite. Siku yao ikifika, wasiwe peke yao, na sisi tulio vijana utufundishe kuwatunza, maana nasi tutazeeka. Amina.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote, wa kambini na wa mitaani.