Bwana Tweed na Viti Arubaini

Mimi ndiye mchoraji wa jarida hili. Katika kikao kimoja cha chama mwenzangu alinicheka mbele ya watu, ati picha ni za watoto wa chekechea, mwenye akili huandika insha. Siku hiyo sikuwa na jibu, nikanyamaza. Jibu nimelipata baadaye katika maktaba, na limetoka mbali, New York huko Marekani, kwa mtu aliyeitwa William Tweed. Bwana huyu alifariki mwaka wa 1878, lakini Wamarekani wakizungumzia wizi wa mali ya umma jina lake halikosi kutajwa.

Tweed alizaliwa tarehe 3 Aprili 1823 katika mtaa wa kawaida jijini New York. Babake alikuwa fundi wa kutengeneza viti. Hilo la viti liweke akilini, tutalirudia. Alipokuwa na miaka 11 aliacha shule akafunzwa kazi ya baba. Baadaye akajifunza kuweka vitabu vya hesabu, na ujuzi huo ulimfaa kuliko randa na msumeno.

Alikuwa pandikizi la mtu, mnene, mcheshi, mwenye sauti. Siku hizo moto ulizimwa na vijana wa kujitolea, na kikosi cha Tweed kilikuwa na nembo ya kichwa cha chui milia. Vikosi vilikuwa vikipigana ngumi barabarani kugombea nani atangulie kufika motoni, nyumba nayo ikiteketea! Huko ndiko alikojipatia jina. Mwaka wa 1851 alichaguliwa diwani, katika baraza ambalo wananchi walilibandika jina la wezi arubaini. Halafu akaenda bunge la Washington kwa kipindi kimoja, 1853 hadi 1855. Hakuvuma. Ulaji ulikuwa nyumbani.

Nyumbani kulikuwa na Tammany Hall, shina la chama cha Democratic jijini. Maelfu ya watu walikuwa wamewasili kutoka Ireland baada ya viazi kuoza mashambani na njaa kuwaua ndugu zao katika miaka ya 1840. Walifika New York bila kazi, bila makaa ya kuota wakati wa baridi, bila hata cheti cha uraia. Serikali haikuwajali. Watu wa Tammany waliwajali: kazi wakapata, makaa wakapata, uraia wakafanyiwa haraka haraka kabla ya uchaguzi. Malipo yalikuwa kura. Mimi nikisoma habari hizi siwezi kuwalaumu wale maskini. Mtu aliyekuletea makaa mtoto wako akitetemeka, utamuuliza pesa katoa wapi? Katika majira ya baridi ya 1870 Tweed alitoa dola 50,000 kwa maskini wa mtaa wake, wakamwombea dua. Kumbe ni hela zao wenyewe zilizokuwa zikiwarudia, tena makombo.

Kufikia wakati huo jiji lilikuwa mikononi mwa watu wanne: meya Oakey Hall, Richard Connolly aliyesimamia hazina, Peter Sweeny, na Tweed mwenyewe aliyekuwa mkuu wa kazi za ujenzi na vilevile seneta wa jimbo. Mbinu yao haikuwa ngumu. Fundi akifanya kazi ya dola elfu moja, anaambiwa aandike bili ya elfu kadhaa. Hazina inalipa zote. Fundi anabaki na fungu lake, zinazosalia zinagawanywa na wakubwa. Asiyekubali hapati kazi. Hiki hakikuwa kitu kidogo, jamani, kilikuwa kitu kikubwa.

Mfano mashuhuri ni jengo la mahakama lililoanzwa mwaka wa 1861. Lilikadiriwa kugharimu dola 250,000. Lilimeza zaidi ya dola milioni 12, na hata hivyo halikuwa limekwisha. Mwaka wa 1867 Marekani ilinunua Alaska nzima kutoka kwa Urusi, misitu, milima na samaki wake, kwa dola milioni 7.2! Fundi mmoja wa plasta aliandikiwa dola 133,187 kwa kazi ya siku mbili. Vipimajoto 11 vikagharimu dola 7,500. Kisha kuna ile bili ya meza tatu na viti 40: dola 179,729. Niliisoma mara tatu nikidhani macho yananidanganya. Mwana wa fundi wa viti, anayejua bei ya mbao na misumari tangu utotoni, ndiye aliyeruhusu bili hiyo ipite.

Wenye makampuni nao hawakukaa nje. Jay Gould na James Fisk, waliokuwa wakiiendesha kampuni ya reli ya Erie kwa hila, walimpa Tweed kiti katika bodi yao mwaka wa 1868. Naye akawalinda bungeni na mahakamani. Almasi ikawa inameremeta kifuani pake. Mwezi wa Mei 1871 alimwoza bintiye, na zawadi za arusi zikakisiwa kuwa za dola 700,000.

Sasa nimefika kwa mtu wangu. Thomas Nast alizaliwa Ujerumani mwaka wa 1840, akaletwa New York akiwa mtoto, akawa mchoraji wa gazeti la Harper's Weekly. Alimchora Tweed akiwa na mfuko wa pesa mahali pa kichwa. Akachora genge zima limesimama duara, kila mmoja akimnyoshea mwenzake kidole kwamba ndiye aliyeiba. Yasemekana Tweed hakujali sana makala, kwani wengi wa wapigakura wake hawakujua kusoma, ila picha zilimkosesha usingizi. Nast aliahidiwa dola 100,000 akasome uchoraji Ulaya. Akajifanya anapatana bei, ikapanda hadi dola 500,000, ndipo akakataa.

Hata hivyo tusimpe Nast sifa zote. Mkaguzi wa hesabu aliyejua siri za genge alikufa kwa ajali ya gari la theluji mapema mwaka wa 1871, na vitabu vikaonwa na watu wengine. Walivinakili, wakavipeleka kwa New York Times. Mwezi wa Julai tarakimu zikachapishwa moja baada ya nyingine. Tweed alikamatwa Oktoba, Gould akawa miongoni mwa waliomdhamini, na wapigakura wakamrudisha katika seneti mwezi uliofuata! Makaa hayo.

Kesi ya kwanza haikufika popote. Ya pili, Novemba 1873, ilimpata na hatia katika makosa 204. Alitoka gerezani Januari 1875, akakamatwa papo hapo adaiwe mamilioni ya jiji. Gereza lilikuwa la heshima, aliruhusiwa kuzuru nyumbani. Basi jioni ya tarehe 4 Desemba 1875 alikwenda kuiona familia yake, akatoroka. Akapitia Florida na Cuba, akapanda meli ya kwenda Hispania. Ilipotia nanga bandari ya Vigo mwezi wa Septemba 1876, alikamatwa. Wahispania walimtambua kwa katuni ya Nast. Katika katuni hiyo Tweed amevaa nguo za mfungwa na kuwakamata wavulana wawili ukosini, nao wakadhani ni mwizi wa watoto.

Akarudishwa. Mwaka wa 1877 alikiri kila kitu akitumaini kuachiliwa, wakubwa wa jimbo wakakataa. Sweeny na Connolly walikuwa wamekimbilia ng'ambo, Hall aliponea mahakamani. Tweed alifia gerezani kwa kichomi tarehe 12 Aprili 1878, akiwa na umri wa miaka 55.

Jengo lake la mahakama lingali limesimama. Mle mle, kabla halijakamilika, ndimo alimohukumiwa mwaka wa 1873, na mwaka wa 2002 lilifanywa makao ya idara ya elimu ya jiji. Picha unayoiona chini ya ukurasa huu nimeichora mimi. Nilikusudia meza tatu na viti 40, lakini karatasi iliniishia nikiwa kwenye kiti cha 32.